Mkono wa Awadh

Farasi wa mbio ni mnyama mpumbavu kuliko wote, na anayebisha hajawahi kumfuga. Kilo mia tano za nyama zimesimamishwa juu ya miguu myembamba kama ya meza ya mkahawa, halafu ukimwambia kimbia, anakimbia! Punda angekuuliza kwanza kuna nini huko mbele. Huyu Awadh Shee alizaliwa Lamu, mahali ambapo punda ndiye lori, ndiye teksi na ndiye jirani, na kabla hajaota ndevu alikuwa ameshashinda mashindano ya punda mara mbili. Mara tatu, ukimsikiliza mwenyewe. Kisha akaenda Dubai kuwatumikia wapumbavu, na akawapenda kwa miaka kumi na tisa.

Wewe unayedhani saisi, mtunza farasi, ni mtu wa kuzoa mavi tu, ngoja. Mavi aliyazoa, ndiyo, miaka minne ya mwanzo, na alizoa vizuri. Lakini baadaye Awadh ndiye aliyekuwa banda lenyewe. Lilikuwa banda dogo huko jangwani nje ya mji, farasi kumi na wanne. Mwenye leseni ya kufundisha farasi alikuwa mzee mmoja wa Ireland ambaye kila mtu alimwita Sir. Sir aliangushwa sana na farasi ujanani, mgongo ukaharibika, na sasa kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya gari pembeni mwa njia ya mchanga, saa mkononi, akipima mbio. Sir alikuwa na leseni na Awadh alikuwa na funguo. Nani ale lini, nani apumzike, nani abadilishiwe maranda ya kulalia, yote yalitoka kwa Awadh, kwa Kiingereza cha kuokotaokota na Kiarabu cha kukaripia.

Na juu ya yote, tangu enzi za mavi, palikuwa na mkono.

Sheria ya banda ilikuwa hivi. Kila alfajiri, kabla farasi hajavuka mlango, Awadh alichuchumaa mbele yake, akafumba macho, akateremsha kiganja polepole kutoka gotini mpaka juu ya kwato. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akisema "Baridi," farasi anatoka. Akisema "Moto," khalas, farasi huyo hatoki, hata kama mwenye farasi amekuja kutoka ikulu. Kwa sababu kano la farasi likianza kuchanika ndani, haliambii mtu. Halivimbi wala halimfanyi farasi achechemee. Linapata joto tu, joto dogo la yai alilotoka kulilalia kuku, siku moja au mbili kabla ya balaa. Mashine za hospitali huliona likiwa kubwa. Awadh aliliona likiwa changa. Katika miaka kumi na tisa hakukosea hata mara moja, na hakuacha kuwakumbusha watu jambo hilo.

"Mkono huu," alikuwa akimwambia Chacha, "ukikatwa, uzikwe peke yake, na matanga yake."

Chacha alikuwa saisi wa pili, Mkurya mrefu aliyejifunza kazi kwa wazungu wa Nairobi. "Mzee," alijibu, "ukikatwa tutaupeleka kwa kinyozi, utusaidie kupima maji ya kunyolea."

Mbio za huko hukimbiwa msimu wa baridi tu, Novemba hadi Machi, maana kiangazi hata mjusi hatoki nje. Msimu huu ulikuwa wa mwisho kwa Awadh. Alimwahidi mkewe Amne. Masanduku yake alikwisha kuyapeleka Deira kwa watu wa mizigo: blanketi, birika la umeme, cherehani ya Amne, saa ya ukutani. Chumba chake pale bandani kilibaki kitanda, mswaki na msahafu.

"Utakuya lini?" Amne aliuliza kila Ijumaa kwenye simu, kwa lafudhi ile ya kwao.

"Machi, inshallah."

"Machi ya mwaka huu au ya Kiyama?"

Naye Awadh alicheka, akamwambia habari za Kidawa.

Kidawa alikuwa farasi jike mwekundu, mwenye doa jeupe usoni kama aliyemwagikiwa uji. Jina lake la karatasi lilikuwa refu la Kiarabu, bandani hakuna aliyelitumia. Awadh ndiye aliyemwita Kidawa, kwa sababu alikuwa na madaha: hatoki mpaka abembelezwe, hanywi maji ya ndoo ambayo mwingine ameinusa. Alikuwa wa arbab Hashir, tajiri mwenye farasi tisa kati ya wale kumi na wanne. Alikuwa ameandikishwa mbio kubwa za Februari, na Awadh alikuwa na neno moja tu moyoni: ashinde Kidawa, kisha arudi Lamu akiwa mtu ambaye mkono wake haukukosea.

Basi sikia lilivyoanza. Asubuhi moja ya Novemba Chacha aliinjika birika la chai juu ya jiko la gesi, akalisahau, moto ukapanda mpaka kwenye mshikio. Awadh akaja na haraka zake, akalinyakua kwa kiganja kitupu, akamimina vikombe vinne taratibu, akalirudisha mahali pake. Watu wakamkodolea macho.

"Mzee, lile birika limekuwa jekundu!" akasema Chacha.

Awadh akatazama mkono wake, akautazama tena. Kisha akanyanyua kidevu. "Nyinyi mna ngozi. Mimi nina mkono."

Wakacheka, wakamwita Mkono wa Chuma, na sifa ikafika mpaka mabanda ya jirani. Kesho yake kiganja kilijaa malengelenge, na hakikumuuma hata kidogo. Hapo ndipo mzee alipoogopa.

Siku yake ya mapumziko alikwenda zahanati moja Oud Metha. Muuguzi alikuwa msichana wa Mombasa, Ummulkheir, ambaye aliposikia Kiswahili chake alimwita ami palepale. Alimpima damu, akaguna. Kisha akamwambia afumbe macho, amwambie kila anapochomwa kidoleni na kijiti.

"Hapa?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Nahisi vizuri sana."

"Ami," akasema Ummulkheir kwa sauti ya chini, "sijakugusa bado."

Ilikuwa sukari. Imekaa mwilini miaka bila kubisha hodi, imekula mishipa ya fahamu ya vidole, baada ya kuanzia miguuni. Vidonge vingeizuia isiendelee, lakini kilichokufa kimekufa.

"Kazi gani wafanya, ami?"

"Nashika farasi."

"Basi mwambie bosi wako. Mficha maradhi, wajua mwenyewe humalizikia wapi."

"Inshallah," akasema Awadh.

Neno hilo tunalijua sote tunavyolitumia. Hakumwambia Sir, hakumwambia Chacha, hakumwambia Amne. Alijipigia hesabu: Novemba inakwisha, Desemba, Januari, Februari, na Machi hii hapa. Miezi minne tu. Mtu aliyeona miaka kumi na tisa atashindwa na miezi minne?

Lakini miguu ya farasi inataka jibu kila alfajiri. Asubuhi ya kwanza baada ya zahanati alichuchumaa mbele ya Kidawa, akateremsha kiganja, na ilikuwa kama anapapasa kupitia soksi tatu. Hakuna baridi, hakuna moto. Nyuma yake Chacha anasubiri na hatamu. Awadh akapiga magoti kwenye maranda, akainama, akaweka shavu lake kwenye mguu wa farasi. Na hapo, alhamdulillahi, dunia ikarudi. Shavu lilisikia kila kitu: ubaridi wa kano, mapigo ya damu, hata wasiwasi wa Kidawa mwenyewe.

"Baridi," akasema.

"Mzee, unambusu au unamsujudia?" Chacha akauliza.

"Hii ni ilimu ya Lamu," akasema Awadh, akipangusa magoti kwa maringo. "Mkono ni wa wanafunzi. Babu zetu walisikiliza punda kwa shavu. Nilikuwa nimewaficha tu."

Uongo mtupu! Lamu hakuna mtu aliyewahi kuweka shavu kwenye mguu wa punda na akabaki na meno. Lakini ulikuwa uongo wenye kazi. Katikati ya Desemba, kiganja kilipita juu ya mguu wa farasi mmoja mweusi bila kuona kitu, lakini shavu likakamata ujoto mdogo kama pumzi ya mtoto. "Moto!" Sir akaita daktari wa farasi, naye akakuta kano limeanza kuchanika. Walimfunga barafu, wakampumzisha, akapona. Sir alishuka garini siku hiyo, jambo ambalo mgongo wake haukulipenda, akampiga Awadh begani.

Baada ya hapo Chacha naye alianza kupiga magoti. Na Lenny, kijana wa Nairobi aliyekuwa akiwapanda farasi mazoezini, akasema: "Mzae, hii kitu yenu ya Lamu ni noma. Nifunze pia mimi." Awadh aliwafundisha. Aliwasahihisha wanavyoweka shingo. Aliwaambia shavu la mtu aliyekula kitunguu halisikii vizuri, nao wakaacha vitunguu asubuhi. Ukimuona alivyokuwa akitembea ungedhani kweli ana chuo.

Sasa shika jambo moja, kwa kuwa ndilo litakalotutoa machozi: Awadh alijua. Alijua shavu linasema kweli na mkono unasema uongo. Kila siku aliupitisha mkono kwanza kwa ajili ya macho ya watu, halafu akainama kwa ajili ya farasi.

Februari ikaingia na ukungu wake. Kidawa alikuwa ameiva, ngozi inang'aa kama shaba iliyopigwa ndimu, na zilibaki siku tano afike uwanjani. Asubuhi ya mbio zake za mwisho za mazoezi, arbab Hashir alikuja na wageni sita, kanzu nyeupe, viatu visivyojua mavi, simu mkononi kila mmoja. Arbab alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alikuwa na furaha ya mwenye kitu cha kuonyesha.

"Huyu ndiye," aliwaambia kwa Kiarabu, akimshika Awadh bega. "Mkono huu ni bora kuliko mashine ya hospitali. Miaka kumi na tisa! Yalla, Awadh, waonyeshe."

Simu sita zikanyanyuka.

Awadh akachuchumaa. Akafumba macho, akateremsha kiganja kutoka gotini mpaka chini, polepole, kwa ule mtindo wake mzuri. Hakusikia kitu. Shavu lake lilikuwa shibiri mbili kutoka kwenye mguu ule. Kupiga magoti tu, kuinama tu. Lakini wageni hawakuambiwa habari ya shavu, waliambiwa mkono. Akaona jinsi atakavyokuwa ndani ya zile simu: mzee mwenye mvi, matako juu, uso kwenye maranda, na watu wa nchi za watu wakicheka nyumbani kwao. Akajiambia: wakigeuka kwenda kunywa kahawa, nitainama mara moja.

"Baridi," akasema.

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaomba apigwe picha akiwa ameushika ule mkono, Awadh akaupa. Alipogeuka, Lenny alikuwa ameshapanda, na mkia wa Kidawa ulikuwa unamalizikia mlangoni.

Angeweza kuita, maana sauti alikuwa nayo. "Lenny, ngoja!" Maneno mawili tu. Wewe na mimi tumewahi kuyameza maneno mawili, tusijifanye. Alisimama pale mlangoni akiwa na mkono wake uliopigwa picha, akamtazama Kidawa akiingia ukunguni.

Aliyekuwa karibu na njia ya mchanga alikuwa Sir. Alisema baadaye kwamba Kidawa hajawahi kwenda shoti vile, kama maji ya mferejini. Kisha mlio, kama ubao mkavu umekanyagwa. Bandani waliusikia pia. Chacha alidondosha ndoo.

Awadh alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na nane, mwenye sukari, alikimbia juu ya mchanga mpaka akampita Chacha. Lenny alikuwa amekaa chini, ameshika bega, mfupa wa mtulinga umevunjika, analia si kwa ajili ya mfupa. Kidawa alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Wa nne, wa mbele kushoto, ulining'inia. Na yule mpumbavu, alipomwona Awadh, alijaribu kumfuata. Alidhani anakuja kurudishwa nyumbani.

Daktari wa farasi alifika na pazia lake la kijani la kuficha kifo, na sindano. Farasi si mtu, huwezi kumwambia alale miezi mitatu. Awadh alimshika kichwa. Aliweka shavu kwenye lile doa jeupe, akamsemesha Kiamu, maneno ambayo Chacha hakuyaelewa na hakuuliza. Alipohisi uzito unashuka alishuka nao, mpaka wote wawili wakawa mchangani. Ndipo akateleza chini kidogo, akaugusa kwa shavu ule mguu uliovunjika, juu ya pale palipokatika. Ulikuwa moto kama mkate.

Saa nne walikuwa ofisini kwa Sir, chumba kidogo chenye harufu ya ngozi na dawa ya kuchua. Wageni walikwisha kuondoka. Arbab Hashir hakuwa mpole tena, macho yake yalikuwa mekundu. Daktari alikuwa amesema lazima mguu ulikuwa na joto tangu alfajiri.

"Haiwezekani," alisema arbab. "Awadh ameugusa mbele yangu. Kama Awadh amesema baridi, ulikuwa baridi." Akamgeukia Lenny, aliyekaa pembeni mkono umefungwa kwa kitambaa. "Ni wewe. Umemsukuma mapema kwa ajili ya wageni. Khalas. Hutapanda farasi wangu tena, na nitawaambia wenzangu."

"Arbab, wallahi sijamsukuma," Lenny akasema. "Amejiendea mwenyewe. Mzae, waambie. Si ulimwona?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angenyamaza tu. Machi ilikuwa wiki nne mbele. Angerudi kwa Amne na jina lake zima, na kijana wa Nairobi angetafuta kazi nyingine. Vijana hupata kazi.

"Arbab," akasema Awadh, "mwache kijana. Mkono wangu umekufa."

Hakuna aliyeelewa. Chacha, aliyesimama mlangoni, alitaka kucheka, akadhani ni mzaha wa mzee.

"Umekufa tangu Novemba. Chacha, unakumbuka birika? Sikulihisi. Mkanisifu, nikanyamaza." Akaunyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, na kovu la malengelenge likaonekana. "Muuguzi wa Oud Metha ameniambia. Ile ya shavu si ilimu ya Lamu. Niliibuni, kwa kuwa shavu bado linasikia. Leo sikuinama. Niliona haya mbele ya wageni."

Sir alisema kitu kwa lugha ya kwao, polepole. Arbab Hashir aliutazama ule mkono muda mrefu. Labda alikumbuka aliyepigwa nao picha.

"Miaka kumi na tisa," alisema mwishowe. Hakupaza sauti. "Ungeniambia, Awadh, ningewaambia wageni tumewaletea shavu. Wangefurahi vilevile."

Hilo ndilo lililomvunja. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na kwenye vidole hakuyahisi hata machozi yake. Aliyahisi shavuni.

Jumapili iliyofuata magari ya farasi yalikuja yakachukua wanane wa arbab. Hakuwa na kisasi. Alimwomba Lenny radhi, akamwambia bega likipona anajua mahali pa kumpata. Lakini alikuwa amepoteza kitu pale bandani na hakuweza tena kupita mlango ule. Wakabaki farasi watano, na vyumba vitupu ambavyo ukikohoa vinakujibu. Sir alimwambia Awadh amalizie msimu. Alimwomba jambo moja tu, akilisema huku anatazama nje: asiguse miguu.

Ijumaa Amne alipiga simu. "Kidawa ameshinda?"

"Kidawa amekufa," akasema, na akamweleza yote, na mkono pia.

"Na sukari ukanificha mimi," alisema Amne. "Haya. Kuya, Awadh. Usingoje Machi."

Lakini aliingoja, kwa sababu aliahidi kumaliza msimu, na ahadi nyingine zote alikuwa ameziharibu. Alipima shayiri, akabadilisha maji, akazoa mavi kama mwaka wa kwanza. Alizoa vizuri. Chumba cha Kidawa alikifagia kila siku ingawa hapakuwa na wa kukichafua. Unywele mmoja mwekundu ulikuwa umenasa kwenye msumari wa mlango. Hakuuondoa, na Chacha alipopaka rangi alipita pembeni.

Asubuhi yake ya mwisho tikiti ilikuwa mfukoni. Alisimama nje ya kizimba cha yule farasi mweusi, yule wa Desemba, aliyekuwa na mbio jioni hiyo. Chacha alipiga magoti kwenye maranda, akanyoosha shingo kama alivyofundishwa, akaweka shavu kwenye mguu wa kulia. Kisha wa kushoto. Ile ilimu ya uongo, na hakuna aliyefikiria kuiacha.

"Baridi, mzee," akasema Chacha, akaanza kuinuka.

"Una hakika?"

Chacha akasita, goti moja bado chini. Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu hata mmoja, Sir wala arbab wala Chacha mwenyewe, aliyewahi kumuuliza Awadh swali hilo. Nje gari la uwanja wa ndege lilipiga honi.

Chacha akarudi chini, akaweka shavu tena, akafumba macho. Awadh akamngojea.